Lumeni: namba ya kwenye boksi la tochi, na kile betri inachoweza kutoa

Kwenye vibanda vya vifaa vya umeme vya Kisumu, au pale soko la Kibuye siku ya Jumapili, tochi hushindana kwa namba. Boksi moja limeandikwa lumeni 20,000, la pili 50,000, la tatu 100,000. Pembeni, ikiwa na vumbi kidogo, kuna tochi fupi ya betri moja ya AA. Boksi lake linasema lumeni 150 na bei yake iko juu ya zile nyingine. Mnunuzi anayefuata namba hataigusa. Lakini stima ikipotea usiku huo, ile ya 150 inaweza kuishinda ile ya 100,000 kwa ukali wa mwanga na kwa muda wa kuwaka.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, ukihesabiwa kwa jinsi jicho la binadamu linavyouona. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Rimoti ya televisheni hutoa miale ya infraredi kila ukibonyeza, ila lumeni zake ni sifuri, kwa kuwa jicho haliioni miale hiyo. Rangi inayopokewa vizuri zaidi na jicho ni kijani cha nanomita 555, ambapo wati moja ya mwanga ni lumeni 683. Wati hiyohiyo ikiwa ya buluu au nyekundu iliyokolea, lumeni hupungua sana. Mshumaa wa kawaida hutoa lumeni 12 hivi. Balbu ya LED ya wati 9, ile ya kuwasha sebuleni, hutoa karibu 800. Ukizishika namba hizi mbili kichwani, mshumaa na balbu, tayari unaweza kumuuliza mwenye kibanda swali gumu: tochi ya mfukoni inatoaje mwanga wa balbu mia moja na zaidi?

Kitu ambacho lumeni haisemi ni mwanga huo umeelekezwa wapi. Tochi mbili zinaweza kuwa na lumeni 200 kila moja, moja ikamwaga mwanga uani kote, ya pili ikaukusanya kuwa mwale mwembamba unaofika mwisho wa shamba la miwa. Ukali wa mwale kuelekea upande mmoja hupimwa kwa kandela. Mwanga unaotua juu ya kitu hupimwa kwa luksi: lumeni 100 zikitua kwenye meta moja ya mraba ni luksi 100, zikisambaa kwenye meta kumi za mraba ni luksi 10.

Umbali unaoandikwa kwenye boksi hutokana na vipimo hivyo. Mwaka 2009 Marekani ilitoa kiwango cha kupima tochi kiitwacho ANSI FL 1, na watengenezaji makini wa nchi nyingi wanakifuata. Kwa kiwango hicho, mwale unahesabiwa kuwa umefika mwisho pale unapobaki robo ya luksi, takriban mwanga wa mwezi mpevu anga likiwa safi. Hesabu yake ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 2,500 ni meta 100. Kandela 10,000 ni meta 200. Yaani ukitaka umbali mara mbili, unalipia ukali mara nne.

Mbalamwezi si mwanga wa kudharauliwa. Wavuvi wa omena wa Mbita na Usenge huzipumzisha taa zao mwezi ukiwa mpevu, maana ziwa lote likishapata mwanga, omena hawana sababu ya kukusanyika kwenye taa. Lakini kumtambua mtu usoni kwa mbalamwezi, akiwa meta 100 kutoka ulipo, ni jambo jingine. Kwa hiyo mimi huchukua umbali wa kwenye boksi nikaugawa kwa tatu, hapo ndipo ninapotarajia kuona kitu cha maana.

Jicho nalo lina tabia yake. Lumeni zikiongezeka mara mbili, jicho halioni mwanga mara mbili. Linahitaji karibu mara nne ili lihisi hivyo. Tofauti kati ya tochi ya 150 na ya 200 hutaiona njiani ukitoka steji. Kuilipia ni hiari yako.

Sasa betri, na hapa ndipo boksi hukamatwa. Mwanga hauwezi kuzidi nishati iliyoingia. LED nzuri, ukiijumlisha na saketi yake, hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati, na huo ni ukarimu ukilinganisha na tochi nyingi za bei ya chini. Betri ya AA ya kuchaji yenye 2,000 mAh (miliampea-saa, yaani ampea 2 kwa saa moja) kwa volti 1.2 ina wati-saa 2.4. Zidisha kwa 100: unapata lumeni 240 kwa saa moja, au 120 kwa saa mbili, au 24 kwa saa kumi. Unaweza kuigawa utakavyo, lakini jumla haibadiliki. Ile tochi ya lumeni 100,000 ingehitaji wati 1,000, umeme wa pasi ya nguo, kutoka kwenye betri zake tatu za AAA, zile nyembamba kuliko AA. Hata kama betri zingeweza, usingeishika mkononi kwa joto.

Wazee wetu walizoea tochi ya bati ya mawe mawili makubwa, yaani betri za saizi ya D. Mengi ya mawe hayo yalitoka Nakuru, kwenye kiwanda cha Eveready, ambacho kilifungwa mwaka 2014. Yalikuwa ya zinki na kaboni, na yaliifaa tochi ya wakati wake. Balbu ilikula karibu nusu ampea kwa volti mbili na nusu hivi, wati moja na kidogo, ikatoa lumeni kumi na kitu. Umeme mwingine wote uliishia kuwa joto la waya. LED hutoa mara kumi ya mwanga huo kwa wati ileile, ndiyo sababu AA moja isiyozidi urefu wa kidole inaiacha mbali tochi iliyokuwa na uzito wa kupiga nyoka. (Kwa kazi hiyo ya pili, ya bati bado inaongoza.)

Mawe ya zinki na kaboni bado yako kila duka na bei yake inavutia. Yatie kwenye redio. Kwenye tochi kali huchoka haraka, na ndiyo yanayoanikwa juani asubuhi juu ya mabati. Kuanika huko si ushirikina: joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani, na jiwe lililochoka huamka kwa muda mfupi. Nishati mpya haijaingia, ila mabaki yamesukumwa yatoke, na kasha la zinki lililokwisha kuliwa liko karibu kuvujia ndani ya tochi yako.

Betri ya alkalaini ina nishati zaidi, kwa sharti moja: usiidai yote kwa mpigo. Kwenye saa ya ukutani au rimoti, AA ya alkalaini hutoa 2,000 mAh na zaidi. Ukiidai ampea nzima, kama tochi kali inavyofanya, ukinzani wake wa ndani hula volti na unavuna nusu yake au pungufu. Ndiyo maana tochi hung'aa dakika kumi za kwanza kisha ikalegea, na mwenyewe akailaumu tochi.

Betri za kuchaji zilizoandikwa NiMH hudharauliwa kwa volti zake 1.2 mbele ya 1.5 za alkalaini. Kwa tochi, dharau hiyo imeelekezwa pabaya. Alkalaini huanza 1.5 na kushuka njia nzima. NiMH hukaa karibu na 1.2 mpaka inapokaribia kuisha, na inatoa ampea mbili bila kulalamika. Kasoro yake ya zamani ilikuwa kujimaliza yenyewe kabatini ndani ya miezi michache. Mwaka 2005 Sanyo ya Japani ilileta Eneloop, NiMH inayotunza chaji hata ikikaa mwaka, na baadaye kampuni nyingine zikatengeneza za namna hiyo. Kwenye pakiti tafuta maelezo kwamba zinauzwa zikiwa na chaji tayari. Chaja na betri nne gharama yake huuma siku ya kwanza. Nyumba inayotumia tochi kila usiku huirudisha hela hiyo mapema.

Kisha kuna lithiamu. Ile iitwayo 18650, milimita 18 kwa 65, ina wati-saa kama 10, sawa na AA nne za kuchaji. Nguvu inayo, lakini ikiisha ukiwa mji mdogo kama Luanda au Ahero jioni, duka la jirani halina nyingine, na ukiipata huenda imeandikwa 9,900 mAh ilhali zilizo bora za aina hiyo huwa karibu na 3,500. Ya kuogopa zaidi ni 14500. Umbo lake ni AA kamili, inaingia pale pale, ila ina volti 3.7, na ikijaa 4.2. Tochi iliyoundwa kwa volti 1.5 tu inaweza kuungua saketi mara moja. Itie tu kwenye tochi ambayo mtengenezaji wake ameruhusu kwa maandishi.

Kati ya AA na AAA sisiti. AAA ina chini ya nusu ya nishati ya AA na bei zao hukaribiana. Tochi ya kawaida ya kibandani hupanga AAA tatu kwenye kikombe cha plastiki, na zote tatu kwa pamoja hazifikii AA mbili. Kwa nini basi zimejaa? Kwa sababu LED nyeupe inahitaji volti 3 hivi, na AAA tatu za alkalaini zina 4.5, kwa hiyo mtengenezaji anaunganisha moja kwa moja, labda na kinza kimoja cha kupunguza umeme, akaokoa gharama ya saketi. AA moja ina volti pungufu ya zile LED inazotaka. Lazima kuwe na saketi ya kuzipandisha. Saketi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya bei ya ile tochi fupi yenye vumbi. Ndiyo pia inayoshika mwanga usiteremke kila volti zinaposhuka.

Muda wa kuwaka nao usomwe kwa jicho kali. Kwa kiwango cha ANSI FL 1, lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya mwanzo. Tochi inaweza kutoa 300 kwa dakika tatu, ikajishusha hadi 40, ikaendelea saa nane, na boksi likaandika "lumeni 300, saa 8" bila kusema uongo wowote. Mtengenezaji mwaminifu huchora mstari wa mwanga dhidi ya muda. Asipouchora, nadhani yangu ni kwamba mstari huo una korongo.

Kwa kazi za kila siku, lumeni 5 hadi 20 zinatosha kutafuta kitasa, kwenda msalani nje au kumtazama mtoto bila kumwamsha. Simu za mulika mwizi ziliwafanyia watu kazi hiyo miaka mingi. Lumeni 50 hadi 100 ni za njia ya mguu yenye matope na mitaro. Lumeni 200 hadi 300 ni za kutazama uani mbwa wakibweka. AA moja ya NiMH inaweza kufika hapo kwa muda mfupi, AA mbili hufika kwa raha zaidi. Kwa hiyo tochi ninayoweza kumshauri mtu wa Kondele au Kakamega ni ya AA moja au mbili, yenye ngazi angalau mbili za mwanga, na ile ya chini iwe chini kweli. Nyingi hushindwa hapo: "chini" yao ni lumeni 80, na betri inaisha kabla ya mvua ya Aprili kukatika.

Maji: tafuta alama ya kuzuia maji, IPX4 kwa mvua, IPX7 ikiwa itatumbukia, maana IPX7 ni nusu saa ndani ya maji ya kina cha meta moja. Rangi: mwanga wenye ubuluu mwingi huonekana mkali dukani, ila hufifisha nyekundu na kahawia, na nyoka wa kahawia kwenye majani makavu ni kahawia. Na ile tochi ya kuvuta shingo ili mwale uwe mwembamba hupoteza mwanga mwingi ikivutwa, kwa kuwa lenzi imesogea mbali na LED na mwanga wa pembeni unaishia kwenye bomba.

Dukani, usiimulike tochi ukutani ukavutiwa na doa jeupe la katikati. Hiyo ni kandela inakushawishi. Omba kona yenye giza, simamisha tochi mbili zikitazama dari, moja kwa wakati, na uangalie vitu vilivyo sakafuni. Itakayokuonyesha zaidi ndiyo yenye lumeni nyingi, liseme boksi litakavyosema. Kisha iache ikiwaka dakika tano mkiendelea kupatana bei.