Meli Zipunguze Mwendo Kwenye Njia za Nyangumi wa Barafuni

Kusi inapovuma, hasa kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita Watamu na pwani yetu nzima, wengine wakiwa na ndama. Wanatoka kandokando ya Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini, walikoshiba krili, aina ya uduvi wa maji ya baridi, na msimu wa kuzaa ukiisha hurudi huko huko. Hapa Nairobi tunaulizwa mara kwa mara bahari ya barafu inamhusu nini Mkenya. Inamhusu kwa sababu baadhi ya wanyamapori anaowaona pwani ndiko wanakolishwa.

Bahari hizo sasa zina meli nyingi. Barafu ya kiangazi imepungua sana katika Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, na meli za madini, gesi, samaki na watalii zimefuata maji yaliyofunguka. Kwa takwimu za Baraza la Aktiki, umoja wa nchi za eneo hilo, kati ya 2013 na 2023 idadi ya meli ziingiazo huko iliongezeka kwa asilimia 37, na jumla ya umbali zinaosafiri ikazidi mara mbili. Upande wa kusini, watalii waliokwenda Antaktika msimu wa 2022/23 walipita 100,000.

Watu wengi hufikiria hatari ya kugongwa, nayo ni kweli, lakini kelele huwafikia wanyama wengi zaidi. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Nyangumi huitana, hutafuta njia na kumwita mtoto kwa sauti. Injini ikinguruma, wanakuwa kama watu wanaojaribu kunong'onezana katikati ya kituo cha matatu. Nyangumi mwenye pembe wa Aktiki ni mwoga kupita wengi: meli ikiwa bado mbali, huacha kuwinda na kuhama. Yupo pia nyangumi wa Greenland, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 200. Mwaka 2007 wawindaji wa Alaska walimkuta mmoja ana kipande cha chusa cha baruti kilichotengenezwa karne ya 19. Mnyama wa umri huo alikulia katika bahari isiyo na ngurumo za injini, na huzaa polepole mno kuweza kufidia hasara ya haraka.

Sili nao huzalia juu ya barafu, na watoto wachanga hawawezi kuikimbia meli ya kuvunja barafu.

Mafuta mazito nayo ni balaa, kwani kwenye baridi hayavukizi kwa urahisi, na yakinaswa chini ya barafu ni vigumu mno kuyazoa. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilimwaga sehemu ya shehena yake ya mafuta ghafi Alaska mwaka 1989, na miongo baadaye mafuta bado yalipatikana chini ya changarawe za ufuo. Mafuta mazito yamepigwa marufuku Antaktika tangu 2011. Aktiki marufuku ilianza Julai 2024, ila baadhi ya meli zimeruhusiwa kuendelea hadi 2029. Ruhusa hiyo haina utetezi.

Kanuni zipo. Tangu 2017 Kanuni za Ncha za Dunia, zilizotungwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, zinamtaka nahodha apange safari akizingatia maeneo wanakokusanyika nyangumi na sili. Katika mlango-bahari wa Bering, kati ya Alaska na Urusi, wenye upana wa kilomita 85 hivi, nyangumi na meli hubanana njia moja. Shirika hilo lilipitisha njia maalumu na maeneo ya kuepukwa huko mwaka 2018, lakini kuyafuata ni hiari. Hapo ndipo penye udhaifu, maana msimu wa nyangumi kupita unajulikana, na mwendo wa noti 10, yaani kilomita 18.5 kwa saa, hupunguza sana vifo vya kugongwa. Kwa meli nyingi, mwendo mdogo hupunguza kelele pia. Mwendo huo uwe sharti.

Kenya ni mwanachama wa shirika hilo na ina sauti mikutanoni London. Wajumbe wetu waunge mkono sharti hilo waziwazi. Na kabla hatujawaambia wengine, meli ziingiazo Mombasa na Lamu wakati wa kusi ziweke mtu wa kuangalia nyangumi, zipunguze mwendo wanapoonekana, na ziripoti zilipowaona.