Maraga hakuufuta uchaguzi peke yake

Husemwa mitaani na mitandaoni kwamba Jaji Mkuu mstaafu David Maraga "aliufuta" uchaguzi wa urais wa Kenya wa 2017. Hakuwa na uwezo huo. Mahakama ya Juu ina majaji saba na haiketi pasipo watano. Jaji Mkuu huongoza kikao na kusoma uamuzi, lakini kura yake ni moja, sawa na ya mwenzake yeyote.

Matokeo yalitangazwa tarehe 11 Agosti. Anayepinga ana siku saba kuwasilisha ombi. Mahakama ina siku 14 kuamua. Tarehe 1 Septemba wanne walikubali kufuta: Maraga, Mwilu, Wanjala na Lenaola. Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga. Jaji Ibrahim alikuwa mgonjwa.

Ushahidi mzuri zaidi ulikuja tarehe 25 Oktoba, siku moja kabla ya marudio. Kulikuwa na ombi la kuyaahirisha, ila Maraga alifika na Lenaola tu. Wawili si watano, kwa hiyo kesi haikusikilizwa na kura ikapigwa. Mwezi uliofuata mahakama hiyohiyo, naye akiwemo, ilithibitisha ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa kauli moja.

Na wanaodai aliondolewa kama adhabu? Katiba humpa Jaji Mkuu miaka 10 au hadi atimize 70, lolote litangulialo. Maraga, aliyezaliwa Januari 1951, aliondoka Januari 2021.