“Pale sisi sote ndugu” na dhana nyengine zinazotuponza kazini na majumbani

Kuna sentensi ambayo mtu akiianza tu, najua kisa kinakoishia: “Pale sisi sote ndugu.” Naisikia kwa wanaofanya kazi kwenye nyumba za wageni Nungwi na Paje, Zanzibar, kwa vijana wa maduka ya Darajani, kwa walimu wa skuli binafsi, kwa wake waliohamia kwa wakwe. Huisema kwa kujivuna. Halafu ukimsikiliza mpaka mwisho, kilichomleta kwangu, mimi mshauri, ni mshahara wa miezi mitatu usiolipwa, na bado anamtetea asiyemlipa.

Nimechoka nayo. Basi leo nianze nayo, na nitakaa nayo kuliko nyengine zote.

Dhana: Penye undugu hakuna mkubwa na mdogo

Mkubwa yupo. Tafauti ni kwamba hana mpaka. Penye mkataba, nguvu za bosi zimeandikwa: saa za kazi, mshahara, likizo, utaratibu wa kumwachisha mtu kazi. Akizidi hapo, anaonekana amezidi. Kwa “ndugu” hakuna kilichoandikwa, kwa hivyo hakuna pa kumwambia “hapa umepita”. Ukiamshwa saa saba ya usiku ukampokee mgeni uwanja wa ndege, hiyo haiitwi zamu, inaitwa msaada. Na msaada, bila shaka, haulipwi.

Chukua kisa hiki, ambacho nimekichanganya kutokana na vingi ili asitambulikane mtu. Kijana katoka Micheweni, Pemba, kaja Unguja, ami yake kampa kazi mgahawani. Mkataba hakuna, na nani atamdai mkataba ami aliyemsomesha? Chumba anacholala ni cha ami. Chakula anakula kwa ami. Simu aliyonayo kanunuliwa na ami. Mwisho wa mwezi hupewa “kitu kidogo”: mara laki, mara elfu sitini, mara anaambiwa msimu umepoa, avumilie. Anataka kuondoka, haondoki. Ukimuuliza kinachomzuia, jibu ni moja: “Namwonea muhali.”

Huu muhali wetu tunauhesabu ni adabu, na kwa kiasi fulani ni adabu kweli. Hutaki kumtahayarisha mtu mzima, hutaki maneno yafike msibani au harusini. Sawa. Lakini hebu tazama unaelekea upande gani. Kijana anaona muhali kudai, ami haoni muhali kutolipa. Muhali unaotoka chini kwenda juu tu, bila kurudi, una woga mwingi ndani yake kuliko heshima. Na woga wenyewe ukiufukua ni wa mambo ya kawaida kabisa: nitalala wapi, nitakula nini, mama kule Pemba ataambiwa nini.

Hapo ndipo nguvu zinapokaa. Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Richard Emerson, aliliweka jambo hili kwa ufupi ambao sijauona kwa mwengine: nguvu alizonazo fulani juu yako ni sawa na kiasi unavyomtegemea. Na utegemezi huo unapimwa kwa mambo mawili, yaani unakihitaji kiasi gani alichonacho, na je, unaweza kukipata kwengine. Cheo, umri na sauti nzito vinasaidia, lakini havitoshi peke yao. Ami hamtawali yule kijana kwa sababu ya mvi zake. Anamtawala kwa sababu kazi, chumba, chakula na jina zuri kwao vyote viko kwenye mkono mmoja.

Ndiyo maana mtu wa namna hii akija kwangu simwambii akadai mshahara. Namwambia akatafute chumba. Wengi hunitazama kama niliyekosea swali. Lakini anayelala kwa bosi wake hajadiliani na bosi, anajadiliana na paa lake. Akishapata pa kulala, hata kama ni godoro kwa rafiki Jang'ombe, mazungumzo ya mshahara hubadilika, na mara nyingi ami ndiye wa mwanzo kushusha sauti.

Anayetaka mfano mkubwa zaidi aende pwani ya mashariki. Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi walikuwa wanawake, na wakashika pesa isiyopitia mkononi mwa mume. Hakuna aliyewapa semina ya kujiamini. Ilipatikana pesa ya sare za skuli, ya bati, ya mchango wa harusi, na ndani ya nyumba maneno yao yakaanza kuwa na uzito. Lakini mwanamke huyohuyo, akifika kwenye mzani, anakuwa mnyonge: aliyempa kamba na taitai (vijikamba vya kufungia mwani) kwa sharti amuuzie yeye, ndiye huyohuyo anayetaja bei ya kilo. Mtu ni mmoja na tabia yake ni ileile, ila kila anapokwenda nguvu zake zinapanda au zinashuka kwa kadiri anavyomhitaji aliye mbele yake. Vikundi vya Paje na Kidoti vilivyoanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni viliongeza kipato, ndiyo, lakini kwangu kubwa ni kwamba sehemu ya mwani wao sasa haimsubiri mnunuzi yule yule.

Sasa, najua linalokuja. “Kumwandikisha ndugu ni kuonesha humwamini.” Hili huambiwa na watu waliohitimu madrasa, nami huwa nawauliza aya ndefu kuliko zote katika Kur-ani inazungumzia nini. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na inazungumzia kuandikiana deni: mwandishi awepo, mashahidi wawepo, na msichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Waliofundishwa hivyo walikuwa Waislamu kwa Waislamu, majirani na jamaa. Mshahara uliofanyiwa kazi ukawa haujalipwa ni nini kama si deni?

Na sheria za nchi zipo. Zanzibar ina Sheria ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi, Namba 1 ya 2005, na kipo kitengo cha kusuluhisha migogoro ya kazi. Ukifika huko, la maana ni nani aliyekuajiri, umeanza lini na mlikubaliana nini. Ami wa tumbo moja na baba au wa mbali, hilo halikusaidii wala halimsaidii yeye.

Sikwambii uanze na kitengo. Anza na simu yako. Baada ya mazungumzo, siku hiyohiyo, tuma ujumbe kama huu: “Ami, shikamoo. Kama tulivyozungumza leo baada ya Isha, naanza tarehe mosi, mshahara laki nne, mapumziko Ijumaa. Nimeandika nisije nikasahau mimi. Ahsante sana.” Angalia hayo maneno “nisije nikasahau mimi”. Hujamtuhumu mtu, umejituhumu mwenyewe kwa kusahau, na muhali wako umeusitiri. Akijibu “Sawa mwanangu”, una karatasi. Asipojibu, pia umejua jambo, na umelijua kabla hujafanya kazi ya miezi mitatu bure.

Dhana: “Mimi mdogo tu pale, sina nguvu yoyote”

Aliyewahi kufuatilia jalada lake masjala hahitaji kuelezwa na mimi. Mwaka uleule wa 1962, Mmarekani mwengine, David Mechanic, aliandika kuhusu nguvu za watu wa ngazi za chini: karani anayejua kitu kiko wapi, mhudumu mwenye funguo, fundi ambaye bila yeye jenereta haliwaki. Mkurugenzi hawezi kukaa bila yeye hata asubuhi moja, lakini hakuna anayesema.

Tatizo ni kwamba nguvu hizi tunazitumia kwa kificho. Jalada “halionekani”, funguo “zimesahauliwa nyumbani”. Inafurahisha kwa siku moja, na inamchafua mtu kwa miaka. Zitumie mchana kweupe: omba kumfundisha mwenzako unachokijua, na uombe jambo hilo liandikwe kwenye tathmini yako ya mwaka.

Dhana: Kwenye mapenzi hamna mambo ya nguvu

Yamo, tena yanauma zaidi. Mwanasosholojia Willard Waller, Mmarekani pia, mwaka 1938 alisema kwenye uhusiano anayeshika usukani ni yule asiyejali sana kama utaendelea au utavunjika. Mume ambaye kila mkigombana kuhusu pesa ya kitoweo anataja talaka, hataki kukuacha. Anakukumbusha tu kwamba yeye akiondoka anaondoka na miguu yake, wewe unaondoka na watoto watatu na godoro. Wake nao wana zao: kununa wiki nzima, kususa, kurudi kwao bila kuaga. Anayenuna naye anatawala, msidanganyane kwamba mkimya ndiye anayeonewa kila mara.

Katika ndoa, jambo linalonitia hasira khasa ni nyumba. Kwa sheria ya dini mali ya mke ni ya mke, na matumizi ni juu ya mume, kila mtu analijua hilo kwa mdomo. Kisha mke anachukua pesa yake ya mchezo (upatu) na ya mwani, ananunua matofali, saruji na mbao, anajenga juu ya kiwanja cha wakwe, bila karatasi hata moja, kwa sababu “tunajenga yetu”. Siku ya talaka kila tofali linakuwa la mume. Sheria ya Mahakama ya Kadhi, Namba 9 ya 2017, imeruhusu mahakama kuangalia mchango halisi wa kila mmoja katika mali ya ndoa. Mchango halisi unaoneshwa, hauliliwi. Kwa hivyo chukua risiti kila unaponunua, liandikwe jina lako, ipige picha, na ile ya karatasi kaiweke kwa mama yako. Usiiweke kwenye kabati la nyumba hiyohiyo, maana siku ya ugomvi kabati ndilo la mwanzo kufunguliwa.

Ndoa nzuri haivunjwi na risiti. Nimeona ndoa zikitulia baada ya mambo ya kiwanja kuandikwa, kwa sababu kila mmoja aliacha kulala jicho moja wazi.

Dhana: Asiyesema hapana amekubali

Hapana. Mwalimu anayeshika alama zako, msimamizi anayeamua kama mkataba wako wa msimu utaongezwa, akikuomba “mtoke”, ndiyo yako haimwambii chochote kuhusu unachotaka. Inamwambia unachoogopa kupoteza. Mwenye nguvu ndiye mwenye wajibu wa kutouliza swali hilo, na akiuliza kwa kubadilishana na alama au kazi, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa.

Na palipoingia kipigo au kulazimishwa, mashauri yangu yote ya hapo juu yasahau. Usitume ujumbe wa adabu, usikae naye kitako mkazungumza, usingoje wazee wapange kikao. Nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, Mnazi Mmoja kwa Unguja au Chake Chake kwa Pemba. Huko daktari, polisi na mshauri unawakuta pahala pamoja. Fika kabla hujaoga na kabla hujafua nguo.

Dhana: “Mlango wangu uko wazi”

Hii ni ya mabosi, na wanaisema kwa nia safi, ndiyo maana inanichosha. “Wafanyakazi wangu hawana tatizo, mbona hakuna anayelalamika?” Hakuna anayelalamika kwako, bwana. Wanalalamika kwenye daladala wakirudi makwao.

Kadiri unavyopanda ndivyo habari zinavyokufikia zikiwa zimechujwa. Mzaha wako unachekwa hata ukiwa baridi, na wazo lako linasifiwa kabla hujamaliza kulisema. Kabla ya kujisifia mlango, jiulize: mtu wa mwisho aliyekwambia jambo usilolipenda, mwezi uliofuata alipangiwa zamu gani? Kama aliondolewa mapumziko ya Ijumaa, hata kwa bahati mbaya, wenzake waliisoma rosta ile vizuri kuliko waraka wowote uliowahi kuubandika ukutani.

Toka wewe. Nenda jikoni, nenda pale wanapofua mashuka, muulize mtu mmoja: “Nikibadilisha kitu gani Jumatatu, kazi yako itakuwa nyepesi?” Akijibu, usijieleze, usimwambie bajeti, usimwambie historia. Ahsante, basi. Jumatatu kiwe kimebadilika. Kama hilo huliwezi, huo mlango ufunge tu, angalau baridi ya kiyoyozi haitapotea.