Minara ya Martello haikupewa jina la nyundo

Ujumbe huu unarudi kwenye magrupu kila mara: eti minara ya mawe ya pwani ya Ireland na Uingereza inaitwa Martello kwa sababu walinzi waligonga kengele kwa nyundo kuonya watu kuhusu maharamia. Kweli, "martello" kwa Kiitaliano ni nyundo, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Jina lilianzia kisiwa cha Corsica, kwenye rasi ya Mortella, neno linalotokana na mmea wa mhadasi. Februari 1794 manowari mbili za Uingereza, zenye mizinga 106 kwa jumla, ziliupiga mnara mmoja wa mviringo uliokuwa na mizinga michache tu. Zikashindwa. Mnara ulitekwa baadaye kwa mizinga iliyopandishwa nchi kavu. Waingereza waliustaajabia, wakaiga umbo lake, ila herufi za jina wakazichanganya.

Ukitaka kuhakikisha, fungua ramani ya Corsica, utafute ghuba ya Saint-Florent. Mortella ipo hapo. Ukipokea ujumbe ule tena, tafadhali usiusambaze, umweleze kwa upole aliyekutumia.

Na ukifika Sandycove, karibu na Dublin, tazama mlango wa awali wa mnara wa Martello uliopo hapo: uko juu, si usawa wa ardhi, ili ngazi ivutwe ndani adui akikaribia. Kisha panda juu ya paa. Utakuta jukwaa la duara la mzinga, uliozungushwa kuelekea upande wowote. Mnara huo ulijengwa 1804, kwa hofu ya kuvamiwa na Ufaransa.