Kamba Kipofu na Maji Yasiyochujwa

Wengi huamini kwamba maji yakishazama ardhini yamejisafisha, kwa kuwa udongo umeyachuja. Kwingine ni kweli. Penye miamba ya chokaa, hasha. Huko maji ya mvua huyeyusha mwamba kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, yakachimba nyufa, mashimo yaliyotitia na mapango yenye mito ndani yake. Kinachomwagwa juu hushuka kama kilivyo, tena kwa haraka.

Anayeujua ukweli huo kwa mwili wake ni kamba mdogo, urefu wake kama sentimita tatu, aishiye kwenye mito ya chini kabisa ya pango la Mammoth na mapango jirani, jimbo la Kentucky, Marekani. Jina lake la kisayansi ni Palaemonias ganteri. Haoni, hana rangi, na ngozi yake ni angavu kiasi kwamba viungo vya ndani vinaonekana. Duniani hapatikani kwingine. Kuna kipindi wataalamu walidhani amekwisha, kabla hajaonekana tena. Mwaka 1983 Marekani ikamweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Gizani hakuna mmea unaoota, basi chakula chote sharti kitoke juu. Mafuriko huleta mabaki ya majani na takataka laini. Bakteria na kuvu huota humo, naye kamba huchokoa tope na kula. Hapo ndipo ugumu ulipo: njia inayomletea riziki ndiyo hiyohiyo inayomletea maji ya vyoo, dawa za mashambani na mafuta ya lori lililopinduka barabarani. Huwezi kuiziba.

Ndugu yake wa Alabama, Palaemonias alabamae, anatuonyesha jinsi hata kumlinda kunavyoweza kukosewa. Aligunduliwa katika pango la Shelta, mjini Huntsville. Mwishoni mwa miaka ya 1960 pango liliwekewa lango, kwa nia njema kabisa. Popo waliokuwa wakilala humo hawakulipenda, wakahama, na kinyesi chao kilichokuwa kikiwalisha viumbe wa majini kikahama nao. Juu yake mji ukazidi kupanuka na kuchafua maji. Tangu 1973 kamba huyo hajaonekana tena Shelta, ingawa amepatikana katika mapango mengine machache ya eneo hilo. Kamba hawa hutaga mayai machache, kwa hiyo wakipungua hawarudi upesi.

Kwa Kentucky, kosa kubwa lilikuwa la mtoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mto Green ulijengewa bwawa ili vyombo vya majini vipite. Maji yakarudi nyuma hadi mapangoni, mkondo ukalegea, na tope likatuama mahali pa malisho. Vyombo viliacha kupita zamani, lakini ukuta ukabaki ukiendelea kuzuia maji kwa miongo kadhaa. Uliondolewa mwaka 2017.

Wakati huohuo watafiti humwaga rangi isiyodhuru katika mashimo yaliyotitia, kisha huisubiri kwenye chemchemi, ili wajue maji ya shamba gani yanaishia kwenye mto gani wa chini. Mara nyingi rangi huvuka mipaka ya hifadhi ya taifa iliyotengwa kulilinda pango la Mammoth. Kwa hiyo tukiulizwa makazi ya kamba huyu yanaanzia wapi, hatuonyeshi mlango wa pango. Tunaonyesha mashamba, barabara na mashimo ya vyoo ya watu ambao huenda hawajawahi kumsikia.