Posti ya faiba kwenye jino: kwa nini inaachia

Watu wengi wakishawekewa posti ya faiba (kijiti kinachogundishwa ndani ya mzizi wa jino lililotibiwa) na krauni, yaani kofia ya jino, juu yake wanaona kazi imeisha, halafu baada ya miaka krauni inaanza kucheza kidogo na mtu anakaa nayo tu kwa sababu haiumi. Jamani, kutouma si dalili kwamba jino ni zima, mshipa wa fahamu ulishatolewa siku mlipotibiwa mzizi.

Faiba yenyewe ni nyuzi za kioo zilizolazwa ndani ya resini, vilevile kama boti za faiba, na kama kwenye boti uzi haukatiki kirahisi, ila maji yakipata upenyo kati ya uzi na resini ndo matatizo yanaanza. Mate yanapenya kidogokidogo, chai ya moto na maji ya friji vinatanua na kubana, kutafuna nako kunapindisha jino kila siku, ndo maana maabara tunazamisha sampuli kwenye maji ya sentigredi 5 kisha 55, tena na tena, kabla ya kuziamini.

Lakini mara nyingi kinachoshindwa ni gundi, sio posti. Ndani kabisa ya mzizi ni pembamba, pana unyevu, taa ya kukaushia gundi haifiki vizuri, na dawa ya kusafishia mzizi ikibaki humo inaizuia gundi kukomaa.

Sasa msiseme bora posti ya chuma. Ugumu wa jino, yaani jinsi linavyokataa kupinda, ni kama gigapaskali 18, chuma cha pua karibu 200, kwa hiyo chuma hakipindi pamoja na jino, nguvu yote inaishia kwenye mzizi na mzizi ukipasuka wima hapo ni kung'oa tu. Faiba ikiachia, mara nyingi tunaweka nyingine. Na kabla ya kuwekewa muulize daktari kama sehemu nzima isiyooza ya jino iliyobaki juu ya fizi ina kimo cha angalau milimita 2 kuzunguka pande zote, hicho kipande kinabeba mzigo kuliko posti yoyote.

Krauni ikicheza, chakula kikikwama pembeni au ukisikia ladha mbaya, nenda wiki hiyohiyo, bakteria wanashuka kwenye mzizi. Ikichomoka usiibandike na superglu, tutalazimika kuikwangua na kupunguza jino lililobaki, iweke kwenye kikopo kisafi uje nayo pamoja na posti yake.