Je, Wajua? Kwa Nini Kocha wa Chuo Marekani Hufukuzwa Halafu Akaendelea Kulipwa Mamilioni

Tarehe 25 Oktoba 2025, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU) ilichapwa 49–25 nyumbani kwake na Texas A&M. Kesho yake kocha mkuu Brian Kelly akafutwa kazi. Mkataba wake wa miaka 10 ulikuwa bado una muda hadi 2031, na kwa hesabu iliyoandikwa ndani yake chuo kilibaki kikidaiwa takriban dola milioni 54. Siku 15 baadaye kesi ilikuwa imefunguliwa mahakamani Baton Rouge.

Timu imefungwa, kocha kafukuzwa, sasa analipwa nini tena? Jibu ni kwamba kufungwa si kosa mbele ya mkataba. Mikataba ya makocha wakuu wa vyuo vya Marekani hutambua njia mbili za kumwondoa kocha. Ya kwanza ni kumwondoa kwa kosa: udanganyifu, unyanyasaji, jinai, kuvunja kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, au kukaidi maagizo ya wakubwa wake. Hapo haondoki na kitu. Ya pili ni kumwondoa bila kosa, yaani chuo kimechoka naye tu. Rekodi mbaya uwanjani, mashabiki kuzomea na viti kubaki vitupu vyote vinaangukia huku, na huku ndiko kwenye fidia.

Hesabu ilishafanyika siku ya kusaini

Fidia haipangwi baada ya kufukuzwa. Fomula imo ndani ya mkataba tangu mwanzo, na kuna mitindo mitatu. Mikataba mingine hutaja asilimia ya malipo yaliyobaki. Ya Kelly ilikuwa asilimia 90. Mingine hutaja kiasi maalumu kinachopungua mwaka hadi mwaka. Na mingine, inayopendwa sana na mawakala, hudhamini kila senti iliyobaki.

Chukua mfano wa kubuni. Kocha analipwa dola milioni 5 kwa mwaka, amebakiza miaka minne, na fidia ni asilimia 75. Milioni 20 mara asilimia 75 ni milioni 15. Zikigawanywa kwa miezi 48, ni dola 312,500 kila mwezi. Akipata kazi nyingine ya dola milioni 1.2 kwa mwaka, na mkataba una kifungu cha makato, chuo cha zamani kinapunguza 100,000 kila mwezi na kulipa 212,500. Kifungu hicho kisipokuwepo, anachukua mishahara miwili bila kuulizwa na mtu.

Pana mtego ambao wengi hawauoni. Mshahara wa msingi wa kocha huwa sehemu ndogo tu ya anachopata. Kiasi kikubwa huandikwa kama malipo ya vipindi vya redio na televisheni, kuonekana kwenye hafla, au matumizi ya jina na picha yake. Mkataba ukisema fidia ni asilimia ya "mshahara" bila kueleza mshahara upi, pande mbili zinaweza kupiga hesabu kwa karatasi ileile na kutofautiana kwa mamilioni. Wakili makini huandika kabisa ni mistari ipi ya malipo inaingia kwenye fidia na ipi inabaki nje, bonasi zikiwemo.

Mfano mkubwa wa fidia iliyodhaminiwa yote ni wa kocha Jimbo Fisher. Mwaka 2021 Texas A&M ilimwandikia mkataba mpya wa miaka 10 wenye thamani ya takriban dola milioni 95. Novemba 2023 ikamfukuza, na deni likazidi milioni 76: kama milioni 19.2 ndani ya siku 60, kisha karibu milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031. Makato hakuna. Angeweza kupata kazi nono asubuhi yake, na malipo yasingepungua hata dola moja. Mkurugenzi wa michezo aliyemleta Fisher pale A&M mwishoni mwa 2017 alikuwa Scott Woodward, ambaye baadaye akiwa LSU ndiye aliyemwajiri Kelly. Siku nne baada ya Kelly kuondolewa, Woodward naye akaachia ngazi.

Kwa nini vyuo husaini mambo kama haya? Baada ya msimu mzuri, wakala hunong'ona kwamba chuo fulani kinamtaka mteja wake. Wakati huohuo vijana wa miaka 17 na 18 wanachagua chuo cha kuchezea, nao wanataka uhakika kwamba kocha aliyewafuata nyumbani atakuwepo. Kocha aliyebakiza miaka miwili ni vigumu kumnadi. Basi miaka inaongezwa, na kila mwaka unaoongezwa huvimbisha fidia. Michigan State ilimpa kocha Mel Tucker miaka 10 na dola milioni 95 mnamo Novemba 2021, akiwa hajamaliza hata msimu wake wa pili pale. Kwa maoni yetu, hapo ndipo makosa karibu yote hutendeka. Yanayofuata mahakamani ni mabaki tu.

Kufukuza kwanza, kutafuta kosa baadaye

Ugomvi ulio mkali kuliko wote huanza chuo kinapotaka kuhama kutoka "bila kosa" kwenda "kwa kosa" baada ya kuiona bili. Kocha David Beaty alifukuzwa na Chuo Kikuu cha Kansas Novemba 2018, timu ikiwa na msururu wa vipigo. Chuo kilitangaza kwamba kingemlipa dola milioni 3. Kisha kikazuia fedha hizo kikisema kinachunguza uwezekano wa kanuni za NCAA kuvunjwa chini yake. Beaty alikwenda mahakamani Machi 2019, na Juni 2020 wakapatana kwa milioni 2.55. Chuo kiliokoa nusu milioni hivi, ukiacha ada za mawakili na aibu ya barua pepe za ndani kuanikwa kwenye jalada la kesi.

Kevin Ollie wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, aliyetwaa ubingwa wa taifa 2014, alipata matokeo bora zaidi. Chuo kilimwondoa kwa kosa mwaka 2018, akiwa bado anadai zaidi ya dola milioni 10. NCAA yenyewe ilimwadhibu 2019. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini Ollie alikuwa analindwa pia na makubaliano ya chama cha wahadhiri na wafanyakazi wa chuo, na makubaliano hayo yaliweka kiwango cha juu zaidi cha kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Januari 2022 msuluhishi aliamua kwamba chuo hakikufikisha kiwango hicho, na kuagiza alipwe zaidi ya dola milioni 11.1.

Kwa hiyo chuo kinachotaka kutumia kifungu cha kosa kinapaswa kufuata utaratibu kabla ya kutangaza chochote. Kinatoa notisi ya maandishi inayotaja kifungu kilichovunjwa na tukio lenyewe. Kinampa kocha siku za kujibu, na pale mkataba unapotaka, nafasi ya kurekebisha. Kinasoma majibu yake. Ndipo kinaandika barua ya pili. Michigan State ilipomwondoa Tucker baada ya malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia, ilimpa notisi tarehe 18 Septemba 2023, ikampa siku saba, na barua ya mwisho ikatoka tarehe 27. Hata hivyo Tucker alifungua kesi mwaka uliofuata. Takriban dola milioni 80 zilizobaki kwenye mkataba si kitu cha kukiacha kipite kimyakimya.

Taarifa kwa vyombo vya habari ni ushahidi. Mkurugenzi akisimama mbele ya kamera na kusema "tunahitaji mwelekeo mpya, matokeo hayaridhishi", ameshakiri kwamba hakuna kosa. Sentensi hiyo itasomwa na wakili wa kocha miezi sita baadaye.

Nani hasa mwenye mamlaka ya kufukuza?

Swali hili lilionekana dogo hadi lilipoibuka LSU. Kwa mujibu wa hati ya madai ya Kelly, kwanza chuo kilimpa ofa ya milioni 25, kisha milioni 30, alipwe kwa mkupuo na mambo yaishe. Alikataa. Halafu mawakili wa chuo wakaja na hoja mpya: Woodward hakuwa na mamlaka ya kumfukuza wala kutoa ofa, kwa hiyo Kelly alikuwa bado hajafukuzwa rasmi, na huenda kosa lipo. Kelly aliiomba mahakama itamke kwamba alifukuzwa, tena bila kosa. Kesi haikufika mbali. Tarehe 26 Novemba rais mpya wa chuo, Wade Rousse, alimwandikia barua akithibitisha kwamba ameondolewa bila kosa na kwamba fidia yote italipwa.

Hoja ya mamlaka ni dhaifu pale chuo kinapokuwa kimeshamwambia kocha akabidhi ofisi, kimemteua kaimu, na kuitangazia dunia.

Wajibu wa kutafuta kazi

Mikataba mingi hailipi fidia bure bure. Humtaka kocha atafute kazi kwa juhudi za kweli, na atakachopata kikatwe. Shida ni kupima juhudi. Kocha Bret Bielema alifukuzwa na Chuo Kikuu cha Arkansas Novemba 2017 akidai karibu dola milioni 12, zilipwe kila mwezi na mfuko wa wafadhili uitwao Razorback Foundation. Akaenda New England Patriots, timu ya ligi ya kulipwa, kwa mshahara ambao kwa kocha wa daraja lake ulikuwa mdogo mno. Mfuko ukasimamisha malipo, ukidai kwamba alikubali ujira mdogo makusudi ili makato yawe madogo. Bielema akashtaki 2020 akitaka zaidi ya milioni 7, mfuko nao ukamshtaki, na 2021 wakayamaliza nje ya mahakama.

Tangu hapo waandishi wa mikataba wamekuwa wakali zaidi. Vifungu vya siku hizi huweza kutaka ripoti ya maombi ya kazi, nakala ya mkataba mpya, na sharti kwamba mshahara wa kazi mpya usiwe chini ya bei ya soko. Vingine huzuia ujanja wa kupanga mshahara mdogo miaka ya mwanzo, wakati chuo cha zamani bado kinalipa, na mkubwa baadaye.

Kuna mlango wa kushtakia?

Vyuo vingi vikubwa ni mali ya majimbo, na jimbo linaweza kuwa na kinga ya kutoshtakiwa. Kocha Mike Leach aliondolewa Texas Tech tarehe 30 Desemba 2009, siku moja kabla ya bonasi ya dola 800,000 kuiva. Alidai fidia kwa kuvunjwa mkataba, lakini sheria ya Texas iliilinda serikali dhidi ya madai hayo bila ruhusa ya bunge la jimbo, na 2012 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakataa kulisikiliza shauri. Ukumbi wa kuthibitisha kwamba alionewa haukuwepo. Louisiana ni tofauti: katiba yake inasema jimbo halina kinga katika madai ya mikataba, na ndiyo maana Kelly aliweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Wakala anayejua kazi yake huangalia jambo hili kabla ya kuangalia mshahara, na mara nyingi huomba mdaiwa awe mfuko binafsi wa wafadhili badala ya chuo.

Wapenzi wa soka wa Dar es Salaam au Nairobi wamezoea utaratibu mwingine. Kocha wa kigeni anayefukuzwa na klabu ya huku hupeleka madai FIFA, na tangu 2021 kanuni zina kiambatisho cha makocha: pasipo fidia iliyoandikwa kwenye mkataba, hulipwa thamani ya muda uliobaki ukitoa atakachopata kwenye kazi mpya katika kipindi hichohicho. Klabu isipolipa, inaweza kufungiwa kusajili wachezaji. NCAA haina rungu kama hilo. Kule ni mahakama, msuluhishi, au maelewano.

Kwa nini wengi huishia kupatana

Kocha James Franklin aliondolewa Penn State tarehe 12 Oktoba 2025 akiwa na fidia ya takriban dola milioni 49. Mwezi uliofuata Virginia Tech ikamchukua, na Penn State ikafunga hesabu kwa milioni 9. Chuo hakikumdhulumu. Mkataba wake ulikuwa na makato, hivyo kila dola ya Virginia Tech ingepunguza deni, na milioni 9 zikawa ndiyo bei ya kuachana kabisa badala ya kutumiana hesabu kila mwezi hadi 2031.

Kwa kocha, mapatano humwondolea wajibu wa kuripoti anachopata na hofu kwamba mtu atafukua barua pepe zake. Chuo kwa upande wake kinapata namba inayojulikana, jambo lenye uzito zaidi tangu Julai 2025, vyuo viliporuhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hati ya mapatano huwa na kurasa chache: kiasi, tarehe za malipo, kila upande kufuta madai yote dhidi ya mwenzake, kutochafuana hadharani, na nani atalipa kodi. Kipengele kinachobishaniwa mno mezani ni kama malipo yatolewe kwa mkupuo au kwa awamu, kwa sababu kocha aliyekubali awamu bila riba ameshapunguza fidia yake kabla ya kupokea hundi ya kwanza.